Mandhari na Mwenye Kuitunga



Neno mandhari tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na shina lake ni lile lile la kutazama lililotupatia pia neno nadhari. Kwa hiyo, kwa mtu ayapimaye maneno kabla ya kuyatumia, mandhari si ardhi, wala si miti, wala si maji, bali ni ardhi na miti na maji pindi vikutanapo na jicho la mja. Bustani nayo tumeipata kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ya asili ni mahali penye harufu nzuri. Nimetangulia na maneno haya mawili kwa sababu mtu ninayekusudia kuwasimulia habari zake jioni hii aliteta na jina la kazi yake umri wake wote: kwa Kiingereza aliitwa msanifu wa mandhari kwa jina lililotolewa kwa wajenzi wa nyumba, naye hakulipenda, akalitumia kwa kukosa lililo bora, na akachukia zaidi kudhaniwa kuwa ni mtunza bustani aliyeletwa kupanda maua pembezoni mwa kazi za wenzake. Lau angalilipata neno letu, lenye jicho ndani yake, yamkini moyo wake ungalitulia kidogo.

Jina lake ni Frederick Law Olmsted. Alizaliwa Hartford, katika jimbo la Connecticut, Marekani, tarehe 26 Aprili 1822, baba yake akiwa mfanyabiashara wa vitambaa mwenye uwezo wa kadiri na mapenzi makubwa ya kuzunguka na watoto wake mashambani kwa gari la farasi, si kwa shughuli yoyote, ila kutazama tu. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Alipokuwa tayari kuingia chuo kikuu cha Yale macho yake yalidhuriwa na mmea wenye sumu, basi masomo yakavunjika, na tangu hapo ikaanza safari ndefu ya kijana ambaye jirani yeyote mwenye akili timamu angalisema kwamba ameshindwa na maisha. Mwaka 1843 aliingia merikebu iendayo China, akawa baharia, akarudi amekonda kwa maradhi. Akalima. Baba yake akamnunulia shamba, kisha jingine kubwa zaidi katika kisiwa cha Staten, mkabala na New York, na hayo mashamba yakamfundisha mambo mengi isipokuwa kupata faida. Akageuka mwandishi wa safari na wa magazeti.

Nawaomba msiyapite mambo haya haraka, maana mtu huyu hakusomeshwa kazi yake mahali popote, wala hapakuwa na madrasa duniani ya kuisomesha, na yote aliyoyajua aliyaokota njiani. Shambani alijifunza kwamba adui wa kwanza wa mmea ni maji yaliyotuama, na kwamba mtaro wa chini ya ardhi, usioonekana na mtu, ndio unaoamua rangi ya majani yaonekanayo juu. Mwaka 1850, alipotembea Uingereza kwa miguu pamoja na ndugu yake na rafiki yao, walifika Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, na mwokamikate mmoja akawashawishi wakatazame bustani mpya ya mji iliyosanifiwa na Joseph Paxton. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo katika Marekani yake iliyojigamba kwa uhuru hajaliona bado, yaani ardhi nzuri kama ya makabaila, ila mwenyewe si kabaila, ni umma. Na baadaye kidogo, gazeti la New York lilipompeleka katika majimbo ya kusini kueleza hali ya utumwa, aliona kwa macho yake jinsi mashamba ya pamba yalivyomdhulumu mtumwa na kumdumaza hata bwana mwenyewe, asijue barabara nzuri, wala shule, wala kusanyiko la watu wasiohusiana kwa amri na hofu. Mabwana wale walimwambia kwamba nchi isiyo na watumwa haiwezi kuzaa waungwana. Nadhani sehemu kubwa ya kazi zake zilizofuata ilikuwa jawabu kwa maneno hayo, jawabu lililoandikwa kwa udongo.

Mwaka 1857, akiwa na miaka 35 na madeni, alipata cheo cha msimamizi wa vibarua katika ardhi ambayo mji wa New York ulikuwa umeinunua katikati ya kisiwa cha Manhattan ili iwe bustani ya watu wote, ndiyo Central Park ya leo. Ardhi yenyewe haikuwa ya kutamanika: miamba mitupu, vinamasi, mabaki ya machimbo. Halmashauri ikatangaza shindano la ramani, na mbunifu kutoka London, Calvert Vaux, aliyekuwa akifanya kazi huko, akamwendea Olmsted na kumtaka shirika, kwa sababu yeye alijua kuchora na mwenziwe alijua kila jiwe na kila dimbwi la pale. Walitembea uwandani usiku baada ya kazi, na mwaka 1858, kati ya michoro 33 iliyoshindanishwa, wao ndio walioshinda, wakapata zawadi ya dola 2,000. Vaux hutajwa kidogo sana katika habari hizi, naye alikufa akilijua hilo. Mimi siwezi kulitengeneza kwa sentensi moja, lakini ijulikane kwamba bila yeye Olmsted angebaki msimamizi wa vibarua.

Sharti mojawapo la shindano lilikuwa kwamba njia nne au zaidi lazima ziikate bustani kutoka mashariki hadi magharibi, kwa ajili ya magari ya mji, na wengi wa washindani wakazichora juu ya ardhi kama barabara yoyote. Olmsted na Vaux walizizamisha. Wakazichimbia handaki, kuta za mawe huku na huku, na juu yake wakapitisha ardhi na miti, hata mikokoteni ya maziwa na ya makaa na magari ya zimamoto yapite usiku na mchana bila kuliudhi jicho la mtu aliyeketi nyasini. Nakumbuka siku niliyofika huko mara ya kwanza: nilikuwa nimesimama chini ya mti, nikasikia honi za magari chini ya nyayo zangu, nikatafuta kushoto na kulia nisione kitu, na nikaona haya kumuuliza mpita njia kelele zile zatoka wapi. Hapo nilikuwa ndani ya kazi ya Olmsted bila kuijua, na hivyo ndivyo alivyotaka niwe.

Maana siri ya kazi hii, waungwana, ni kwamba hufaulu kadiri ifichavyo kufaulu kwake. Mshairi huweka jina lake katika beti za mwisho, fundi wa milango hutia nakshi ambayo mtaa mzima waijua kuwa ni ya mkono wake, lakini mtunga mandhari akifanya kazi yake vyema watu humshukuru Muumba, wakampita yeye. Ekari 843 za Central Park ziko leo katikati ya majumba marefu, na wageni husifu busara ya wazee wa New York kwa kuliacha pori lile lisiguswe. Ilhali maelfu ya vibarua waliipasua miamba kwa baruti, wakazika chini mabomba ya udongo wa kuchoma ya kuondoa maji, wakaleta rutuba kutoka nje kwa sababu ya pale ilikuwa haba, na vijito vinavyochuruzika kati ya mawe hupata maji yake kutoka mifereji ya mji, hata mtu akifunga mahali, kijito hukauka. Njia za waendao kwa miguu, za wapanda farasi na za magari zilitengwa kila moja peke yake, na zinapokutana moja hupita chini ya tao na nyingine juu, ili mama mwenye mtoto asishtushwe na kwato.

Kule Brooklyn, katika Prospect Park iliyoanzwa mwaka 1866, wakaukamilisha ustadi huo. Vaux ndiye aliyekataa mipaka ya kwanza ya ardhi, kwa sababu barabara kuu ilikuwa ikiipasua bustani vipande viwili, akawashawishi wakubwa waiache sehemu ya ng'ambo na kutwaa nyingine upande wa kusini, kisha akamwandikia Olmsted, aliyekuwa California wakati ule, arudi wamalize pamoja. Mgeni huingizwa humo kupitia tao lenye giza, mfano wa mtu apitaye daka la nyumba ya kale, na akitoka upande wa pili hukutana na mbuga ndefu inayopinda polepole mpaka mwisho wake usijulikane. Mwisho haujulikani kwa sababu umefichwa: pembezoni pote walijenga vilima vya udongo wakavipanda miti, na mji uko nyuma ya vilima hivyo, karibu kuliko mtu anavyodhani.

Na Boston ndiko alikofanya hila iliyo kubwa kupita zote. Kulikuwa na kinamasi cha maji chumvi ambamo taka za mji ziliingia na kutoka pamoja na maji ya kujaa na kupwa, uvundo wake ukiwafukuza watu, na mji ulimwita mwaka 1878, si hasa kwa uzuri, bali kwa mifereji. Akaielekeza mifereji ya taka pembeni, akaweka lango la kuzuia mafuriko ya bahari, akachimba mkondo wenye kupindapinda, akapanda nyasi za pwani zistahimilizo chumvi, na baada ya miaka michache watu walipita hapo wakifurahi kwamba mji umekihifadhi kinamasi cha asili ilhali majengo yameenea kote kukizunguka. Hakikuhifadhiwa chochote. Kila kitu kilikuwa kimetengenezwa, na kilitoka kwenye bomba la taka. Sisi wa pwani tuishio na mikoko, tujuao jinsi maji ya kupwa na kujaa yanavyosafisha na kuchafua kwa zamu, twaweza kuuonja ustadi huo kuliko wasomaji wa bara. Mwaka 1910 mto Charles ulijengewa lambo, maji ya chumvi yakakatika, na mimea aliyoipanda ikafa. Kwani mandhari iliyotungwa haina kinga mbele ya mhandisi ajaye.

Niruhusuni sasa niseme juu ya vyuo, nami nimewahi kusomesha, kwa hiyo nina maneno yangu. Mwaka 1862 Marekani ilipitisha sheria ya kuyapa majimbo ardhi ili yaanzishe vyuo vya ukulima na ufundi, na kila jimbo likakimbilia kujenga jengo moja kubwa lenye mnara, kwa kuwa jengo kubwa hupigwa picha vizuri. Olmsted aliombwa shauri na chuo cha ukulima cha Massachusetts mwaka 1866, akajibu kwamba hilo ndilo kosa lenyewe: kijana wa shamba akikaa miaka minne katika jumba kama ngome, atarudi kwao akiichukia nyumba ya baba yake, au asirudi kabisa. Chuo, kwa rai yake, chapasa kifanane na kijiji kizuri, majengo madogo madogo ya kadiri ya binadamu, njia zake zikiwa safi, bustani zake zikiwa za mfano, ili mwanafunzi ajifunze kwa kuishi yale ambayo mwalimu hawezi kuyasema. Wakubwa wa chuo wakayakataa. Yeye akayachapisha maneno yake kuwa kitabu kidogo, jambo ambalo washauri waliokataliwa hulifanya mpaka leo, na mara chache huwa na faida kama ilivyokuwa kwake. Mwaka huo huo alitoa shauri kama hilo kwa chuo cha California mahali palipokuja kuitwa Berkeley, ambako alipanga njia za nyumba zifuate mikunjo ya vilima, na macho ya chuo yaelekezwe magharibi, kwenye mlango wa bahari wa San Francisco.

Chuo kimoja nilichopata kusomesha kilikuwa na uwanja wa nyasi wa mraba ulionyooshwa kwa rula, na kibao cha kukataza watu kukanyaga majani, na kila asubuhi mamia ya vijana waliochelewa waliukata uwanja huo kutoka pembe hadi pembe, mpaka pakatokea njia nyekundu ya udongo. Wakuu wakaweka ua wa miba. Vijana wakapita kando ya miba, zikawa njia mbili. Nilimtaja Olmsted katika kikao, nikaambiwa kwamba jambo hilo ni la idara ya usafi.

Ama chuo chake kikubwa ni Stanford. Leland Stanford, tajiri wa reli, na mkewe Jane walifiwa na mtoto wao wa pekee huko Florence mwaka 1884, naye hajatimiza miaka 16, wakaazimia kujenga chuo kikuu kwa kumbukumbu yake katika shamba lao la Palo Alto, lenye ekari zaidi ya 8,000. Olmsted alifika huko mwaka 1886 akiwa na umri wa miaka 64, akaitazama nchi, akashauri chuo kijengwe vilimani. Stanford akakataa: alitaka uwanda, alitaka mstari ulionyooka, alitaka utukufu uonekane kutoka mbali. Tajiri aliyefiwa si mtu rahisi kubishana naye. Olmsted alishindwa juu ya mahali, akashinda juu ya jambo lililo kubwa zaidi, kwani alimzuia mwenyeji wake asiige nyasi za kijani za Uingereza na za majimbo ya mashariki. Aliwaeleza kwamba California hukaa miezi mingi ya kiangazi bila tone la mvua, na kwamba kiasi cha maji kitakachohitajika kuifanya ifanane na Massachusetts ni ujinga. Afadhali watazame Uhispania, na Italia, na Shamu, nchi zilizoishi na jua kwa karne nyingi zikajua kutafuta kivuli.

Kwa hiyo pale Stanford hapakujengwa majumba katikati ya nyasi. Pakajengwa kile ambacho wazee wetu wa Lamu na Pate wangekitambua mara moja, yaani behewa: ua wa ndani uliozungukwa na majengo ya chini, na ushoroba wenye matao ukipita pande zote, ili mtu atoke darasa hili aende lile pasina jua kumpiga utosini wala mvua ya masika kumlowesha. Sakafu yake ni ngumu, na miti imekusanywa katika maduara manane, isienezwe kila mahali kama pilau iliyomwagika. Tena akapanga kwamba chuo kikikua, behewa jingine liongezwe mashariki na jingine magharibi, mfano wa nyumba ya ukoo inayoongezwa vyumba wana wakioa. Chuo kikafunguliwa mwaka 1891. Stanford akafa miaka miwili baadaye, fedha zikawa taabu, waliofuata wakajenga walivyotaka, na tetemeko la mwaka 1906 likaliangusha tao kubwa la kumbukumbu ambalo tajiri yule alilipenda. Matao ya chini, ya kivuli, mengi yakasimama.

Sitaki mdhani kwamba alikuwa mtu mtulivu. Hakulala vizuri, aligombana na watunza fedha kwa sababu ya senti, alijiuzulu mara kadhaa kwa hasira, na mwaka 1878 wanasiasa wa New York walimwondoa kabisa kazini katika bustani aliyoitunga. Alihamia Brookline, karibu na Boston, akaendesha ofisi nyumbani kwake pamoja na mwana wa kambo, John Charles, na baadaye mwanawe wa damu aliyebeba jina lake. Maonyesho makuu ya Chicago ya mwaka 1893 yakamchosha. Kufika 1895 alianza kusahau barua alizoziandika siku ile ile, akaacha kazi. Miaka yake ya mwisho aliikaa katika hospitali ya McLean, Belmont, ambayo mahali pake pa kujengwa yeye mwenyewe aliwahi kupashauri, na humo akafariki tarehe 28 Agosti 1903.

Lakini kuna deni moja ambalo kila anayemsifu huyu bwana yampasa alilipe, nami nimeliweka mwisho si kwa kulidharau. Nimesema kwamba ardhi ya Central Park ilikuwa miamba na vinamasi. Ndivyo walivyosema walioitaka. Upande wake wa magharibi, kati ya barabara ya 82 na ya 89, kulikuwa na kiambo kilichoitwa Seneca Village, kilichoanza mwaka 1825 wakati watu weusi walio huru walipoanza kununua viwanja vyao, katika jimbo ambalo utumwa haujakomeshwa wote bado. Hakikuwa kibanda na kibanda. Kufika mwaka 1855 kilikuwa na watu wapata 225, theluthi mbili yao weusi na wengi wa waliobaki ni wahamiaji wa Ireland, na kilikuwa na makanisa matatu na shule. Na kiwanja pale hakikuwa mahali pa kulala tu, kwa sababu sheria ya New York ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali isiyopungua dola 250 ndipo apige kura, sharti ambalo mweupe hakuwekewa. Mji ukaitwaa ardhi kwa nguvu ya sheria, ukawalipa wenye hati, na mwaka 1857 wote wakaondolewa. Magazeti ya siku hizo yaliwaita wavamizi.

Olmsted hakutoa amri ile. Kiambo kilihukumiwa kabla hajaajiriwa, na alipoanza kazi kilikuwa kikimalizwa. Lakini mtu aliyezunguka majimbo ya kusini akiandika juu ya dhuluma, ramani yake iliwekwa juu ya nyumba hizo, na ustadi wake wa kuficha, ule ule uliozika barabara na mabomba, ukazizika nazo pamoja na kila alama, hata watu wakaja kusahau, kwa zaidi ya miaka mia, kwamba hapo palikuwa na jina.

Mwaka 2011 wataalamu wa mambo ya kale walipewa ruhusa ya kuchimba. Chini ya nyasi walikuta msingi wa mawe wa nyumba ya William Godfrey Wilson, aliyekuwa mtunza kanisa la All Angels, na ndani ya msingi huo birika la chuma, vipande vya kaure ya China, na kiatu kimoja kidogo chenye soli ya ngozi. Walivipima, wakavichora, wakavichukua ghalani. Kisha udongo ukarudishwa, nyasi zikaoteshwa juu yake, na siku hizi watu wa New York, kukiwa na jua, hutandika mashuka yao hapo.